Uchaga Usio na Moshi

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka maishani mwangu ni ya mahindi yaliyokolea moshi. Siusemi ule moshi mkali wa kuni mbichi unaomtoa mtu machozi, bali moshi uliokwisha kutulia, ulioingia ndani ya maganda ukakaa humo miezi na miezi, hata siku hindi likimenywa ukausikia ukitoka kwa upole pamoja na utamu wa nafaka. Nyumba za kwetu, upande wa bara wa barabara iendayo Msambweni, zilikuwa na jiko ndani, na juu ya jiko palikuwa na uchaga, yaani dari ya boriti na fito ambako mavuno yote yaliwekwa: mahindi na maganda yake, kunde na maganda yake, mbegu za mwaka ujao zikiwa zimefungwa mafungu na kuning'inizwa. Mama alipopika asubuhi moshi ulipanda ukapita katikati ya fito, na alipopika jioni ukapita tena. Masizi yaliganda kule juu yakawa meusi ya kung'aa. Sisi watoto tulinuka moshi, nguo zetu zilinuka moshi, hata ugali ulikuwa na ladha yake, na hakuna aliyeona haya kwa kuwa kijiji kizima kilinuka hivyo hivyo.

Kisha Uhuru ukakaribia, na kila mtu akataka umkute amependeza. Mwaka ule hata majogoo walipewa jina la Uhuru, na wakati wa kuchinjwa ulipofika hawakuhurumiwa kwa jina hilo. Baba yangu alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu kuanzia Galu mpaka karibu na Shimoni, na alikuwa na mdomo mwepesi wa kuzitoa kasoro kuta za wenzake. Alirudi siku moja kutoka barazani kwa chifu, ambako watu waliambiwa kwamba nyumba ya mtu huru haipikiwi ndani, kwamba jiko lijengwe kando, penye hewa, ili akina mama wasiharibike macho. Baba aliyapenda maneno hayo kama aliyeyatunga mwenyewe. "Uhuru hautatukuta tukilia moshi," alimwambia Mama, na Mama akacheka, maana macho yake kweli yalikuwa yakimsumbua. Wiki chache hazikupita, jiko jipya likasimama uani, na paa lake la makuti mapya. Kile chumba cha jiko la zamani Baba alikipiga chokaa mara mbili, akaweka kitanda cha kamba alichokitengeneza mwenyewe, akakiita chumba cha wageni. Kijijini hapakuwa na nyumba nyingine yenye chumba cha wageni. Mama alimwambia kwa mzaha, "Usiache mbachao kwa msala upitao," lakini alikuwa akitabasamu, na jioni ile nilimwona akisimama mlangoni mwa chumba kile akitazama tu weupe wake.

Uchaga ulibaki pale pale, juu ya kitanda cha wageni. Usingeweza kuhamishwa, kwa kuwa boriti zake ndizo zilizoshika kuta, na zaidi ya hayo ulikuwa umebeba mahindi ya harusi. Dada yangu Mejumaa, aliyenizidi kwa miaka saba au minane, alikuwa ameposwa na kijana wa Msambweni aitwaye Hamisi, na harusi ilikuwa imepangwa iwe baada ya Idi. Kwetu, chakula cha harusi kikishatengwa hakipunguzwi mpaka siku yake. Hata njaa ikibisha hodi, mtu haendi kupunguza mahindi ya harusi, kwa kuwa huko ni kumpunguzia bi harusi riziki yake. Mama alikuwa ameyapandisha yale mahindi na kunde kwa mkono wake mwenyewe wakati wa mavuno, akayasomea dua, akashuka, akaondoa ngazi. Kuanzia hapo hakuna aliyeyagusa wala kuyachungulia. Na kuanzia siku Baba alipolihamisha jiko, hakuna moshi uliowahi kuyafikia tena. Tuliziona chembe za unga mweupe zikidondoka sakafuni na tukazifagia. Tulimwona fukusi mmoja mmoja akitembea ukutani, mweusi juu ya chokaa nyeupe, na hilo nalo halikutushtua, kwani nyumba gani yenye nafaka isiyo na fukusi?

Siku chache baada ya sherehe za Uhuru, wakwe walikuja kutoka Msambweni kupanga mambo ya harusi. Walikuwa wanawake watatu na wazee wawili, na mkubwa wao alikuwa shangazi yake Hamisi, Bi Nimwaka, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutoa hukumu. Wazee walilala kwa jirani. Wanawake walilala kwetu, katika chumba cheupe, na Bi Nimwaka akapewa kitanda. Jinsi Mama alivyofurahi siku ile sitasahau. Alikuwa mtu wa wageni, mtu ambaye akiona kivuli njiani tayari ameongeza maji kwenye sufuria. Mgeni njoo mwenyeji apone, na Mama kweli alikuwa akipona wageni wakija, hata mgongo wake ulinyooka. Alitandika shuka iliyofukizwa udi. Alitandika mikeka mipya chini kwa ajili ya wale wawili. Aliwatakia usiku mwema kwa maneno mengi hata mmoja wao akapiga mwayo.

Asubuhi nilitumwa kuwapelekea maji ya kunawa. Bi Nimwaka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imeshuka mabegani, na wenzake wamesimama wakimtazama shingoni. Alikuwa na vipele vyekundu kuanzia shingo mpaka kifuani, kila kimoja na kijidoa cheupe katikati, na alikuwa akijikuna kwa mikono yote miwili. Wenzake nao walikuwa wakijikuna, ingawa kwa adabu zaidi. Nilisema shikamoo. Hakuna aliyeitikia marahaba, na hilo lilinitisha kuliko vipele. Mama alipoingia nyuma yangu na kuona, uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa mwizi sokoni.

"Bibi, mna kuku wanaolala humu ndani?" aliuliza Bi Nimwaka. "Mbona kama utitiri?"

"Kuku wetu wana banda lao, bibi," alisema Mama. "Humu hajaingia kuku."

"Basi ni kunguni. Au ni upele." Alilitamka neno la mwisho polepole, akiwa anamtazama Dada Mejumaa aliyesimama mlangoni na sinia la mahamri. "Mwenyezi Mungu atatujaalia."

Hawakuyala yale mahamri. Walisema wanawahi safari, wakaondoka mapema, na Mama akawasindikiza mpaka barabarani akiomba radhi njia nzima, akiomba radhi kwa jambo asilolijua. Nilikuwa nikitembea nyuma yao na ndipo nilipoijua aibu mara ya kwanza. Nilidhani aibu ni joto la uso. Kumbe miguu ndiyo inayojua zaidi, kwa maana yangu ilikataa kabisa kwenda pamoja na ya Mama.

Habari ya upele haihitaji baiskeli. Ilifika mpaka Diani kabla wageni hawajafika kwao. Shuleni, msichana niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alihamia dawati la mbele akisema haoni ubao. Mafundi wenzake Baba walianza kumwekea kikombe chake cha chai pembeni. Nyumbani tukaanza vita na uchafu ambao hatukuwa tumeuona. Mama alichemsha kila nguo, kila foronya, kila kipande cha kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba yetu. Alianika mikeka juani mpaka ikapauka. Kitanda kile kilimwagiwa maji ya moto kwenye kila fundo la kamba. Baba yeye aliijua dawa moja tu ya maisha, nayo ni chokaa. Alikipiga chumba kile chokaa tena, na tena, akiziba kila ufa kwa kidole. Jirani mmoja alipita akatupia neno, "Kikulacho ki nguoni mwako," na Mama akarudi ndani kuzichemsha nguo upya. Hakuna aliyepandisha macho juu. Uchaga ulikuwa na chakula, tena chakula cha harusi kilichosomewa dua, na kwetu chakula hakisingiziwi uchafu. Ungeweza kumshuku mtoto wako kabla ya kuyashuku mahindi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Idi Dada Mejumaa alipaswa kuwekwa ndani. Mwari wa kwetu hakai uani kuchomwa jua; hukaa chumbani siku nyingi, akasingwa kwa liwa na manjano mpaka ngozi yake itoe nuru, na haonekani na mtu ila wanaomhudumia. Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa kile cheupe. Akawekwa humo, juu ya kitanda cha Baba, chini ya mahindi yake mwenyewe. Kila asubuhi nilimpelekea uji na kila asubuhi alikuwa na vipele vipya: mikononi, mgongoni, tumboni, hata pembeni mwa masikio. Sisi wengine tuliolala vyumba vya mbele tulikuwa na kimoja hapa na kimoja pale. Yeye alikuwa navyo mwili mzima. Alijifunga vitambaa vidoleni ili asijikune usingizini. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye kuiga sauti za watu mpaka tukaanguka kwa kicheko, na nilikuwa nikimwomba aige ya Bi Nimwaka. Akawa haigi tena. Akawa ananiambia tu, "Weka uji hapo, mdogo wangu, usinikaribie."

Mama aliacha kumpaka liwa. Alienda dukani akanunua kiberiti upele, dawa ya manjano ya ngozi, akakisaga, akakichanganya na mafuta ya nazi, akawa anampaka hicho asubuhi na jioni. Anayekijua kiberiti upele hahitaji kuelezwa harufu yake. Ni ya yai viza. Nyumba yetu iliyokuwa ikinuka moshi sasa ikanuka ugonjwa, na bi harusi ndiye aliyekuwa chanzo chake. Nilimsikia Dada siku moja akimuuliza Mama kwa sauti ndogo, "Mama, unadhani ni mimi?" Mama akaendelea kumpaka. Alimpaka kwa uangalifu, kila kipele peke yake, akiwa ameinamisha kichwa.

Wiki ya harusi Bi Nimwaka alirudi. Safari hii hakuingia ndani. Aliketi uani kwenye kigoda alichokifuta kwa ncha ya buibui lake, akamwita Mama na Baba wamsikilize. Sikufukuzwa kwa sababu hakuna aliyeniona. Nilikuwa nikitwanga nyuma ya jiko jipya, na mchi niliuacha uning'inie mkononi.

"Wakwe zangu, msinione vibaya," alisema. "Kijana anampenda binti yenu, na sisi hatuvunji. Lakini nyumba yetu ina watoto wachanga. Binti aje, inshallah, ila asije na kitu. Godoro lisije, mikeka isije, kanga zisije. Ataogeshwa na kuvishwa kwa dada yangu, pale mwanzo wa kijiji, kisha ndipo aingie. Na chakula tutapika wenyewe huko kwetu."

Baba alianza kusema kitu kuhusu heshima. Mama alimshika mkono. "Tumesikia, bibi," alisema. "Mtuwie radhi." Hapo ndipo nilipomwona Mama akiinama kwa namna ambayo baadaye haikumtoka tena. Aliuza fahari yake yote ili binti yake aolewe, na sina uhakika hadi leo kama alikosea. Angekataa, ingesemwa kwamba upele umevunja harusi, na nani angekuja tena kuposa? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tulikuwa tumekwisha kutangazwa.

Siku yenyewe ilipofika, Dada Mejumaa aliondoka nyumbani amevaa doti ya kanga ambayo Mama alikuwa amemnunulia Mombasa na kuificha sandukuni karibu mwaka mzima. Tulimfuata kwa nyimbo, lakini nyimbo zenyewe zilikuwa chache na za kubabaika. Pale mwanzo wa kijiji chao akaingizwa katika ua, na mlango ukafungwa. Tulisubiri nje na Mama na shangazi zangu, tukisikia maji yakimwagwa, na ile harufu ya yai viza ikatujia kupitia makuti. Alipotoka alikuwa amevaa nguo za watu. Zilikuwa nzuri, sisemi hazikuwa nzuri, ila zilimzidi mabegani, na hakututazama. Kisha akatoka msichana mmoja wa kwao akiwa na kifurushi. Zilikuwa zile kanga za Mama, mpya, zimefungwa fundo, na zilikuwa zimetundikwa kwenye ncha ya fimbo. Msichana alikuwa ameinyoosha fimbo mbele yake ili kifurushi kisimguse. Mama akakipokea kwa mikono yake miwili, akakiweka kifuani, akasema ahsante.

Masika yaliingia wiki chache baadaye, na yaliingia kwa hasira. Jiko jipya la Baba lilikuwa zuri wakati wa jua, lakini upepo wa kusi uliingiza mvua upande hadi upande, kuni zikalowa, mafiga yakawa madimbwi. Mama hakumwomba mtu ruhusa. Siku moja aliyachukua mafiga yake, akaingia nayo katika chumba cheupe, akakitoa kitanda, akawasha moto pale pale ulipokuwa tangu zamani. Chokaa ya Baba ikaanza kuwa ya kijivu, kisha ya kahawia. Fukusi walitudondokea kwenye sufuria kwa siku kadhaa, kisha wakaisha. Yale mahindi ya harusi, yaliyokosa harusi, yaliteremshwa hatimaye. Mengi yalikuwa ganda tupu na unga, tukayamwagia kuku. Na vipele vikaisha. Hakuna aliyejikuna tena katika nyumba yetu.

Sasa tazama akili ya binadamu. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika nyumbani kwetu: Dada alikuwa ameondoka, na moto ulikuwa umerudi. Kijiji kizima, na sisi tukiwemo, tulitazama jambo la kwanza tu. "Ameondoka na upele wake," walisema majirani, tena walisema kwa kutupongeza, kama watu waliopona. Kule Msambweni vipele vyake navyo vilikauka kwa siku chache, na Bi Nimwaka akasifu kiberiti na maji waliyomwogeshea. Kila mtu alikuwa na ushahidi. Baba aliamini. Mimi niliamini. Mama, aliyemzaa, naye akaamini, na hiyo ndiyo aibu ninayoiandikia, kwa kuwa ile ya vipele ilikwisha pamoja na masika.

Dada alipokuja kututembelea mara ya kwanza alikuwa na mimba, ngozi yake safi na inang'aa. Tulifurahi, tulichinja kuku. Jioni Mama alinituma nitandike. Nilipofunua mkeka mkubwa wa kulalia wanawake wote, aliniita pembeni akanipa mkeka mwingine, mdogo, wa zamani. "Huu mtandikie dada yako kule karibu na mlango," aliniambia, "apate hewa, ana mimba." Dada aliutazama mkeka ule. Aliutazama muda mrefu kuliko mkeka unavyostahili kutazamwa. Asubuhi, baada ya kuondoka kwake, Mama aliuanika mkeka ule juani, mbali na mingine, na kukisugua kwa mchanga kikombe alichonywea Dada. Safari iliyofuata Dada alikuja asubuhi akaondoka kabla ya magharibi, akisema mumewe anamngoja. Ikawa desturi. Kwa miaka yote iliyofuata hakulala tena nyumbani kwetu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, lakini sisi tulidhani amepoa kwa sababu ilitufaa tudhani hivyo. Mama naye aliacha kulaza wageni. Mtu akikaa mpaka jua likielekea kuzama, alikuwa akimwambia kwa upole kwamba atachelewa njiani. Alipofariki, wanawake walilala matangani katika nyumba ile, wamebanana kwenye mikeka kama ilivyo ada. Dada Mejumaa, mtoto wake wa kwanza, alikaa kizingitini siku zote za matanga, ameegemea mwimo wa mlango.

Ukweli ulinifikia nikiwa mzee, nimestaafu ualimu, ninaishi Ukunda katika nyumba ya mawe isiyo na uchaga. Nilikuwa nimenunua gunia la kunde nikaliacha stoo, na nilipokaa na jirani yangu kuzichambua, sote wawili tulipata vipele mikononi usiku ule ule: vyekundu, na kijidoa cheupe katikati. Nilivitambua kabla havijaanza kuwasha. Nilichukua konzi ya zile kunde nikaenda Kwale kwenye ofisi ya kilimo, nikamkuta binti mmoja afisa, mpole, ambaye baada ya shikamoo mwalimu alizimimina kunde kwenye karatasi nyeupe, akapasua moja, akaniwekea kioo cha kukuzia. Nilimwona mtoto wa fukusi, mweupe, hana uhai, na juu yake vijitu vya manjano vya duara, vidogo sana, vimemshikilia kama kupe wanavyomshikilia ng'ombe.

"Ni utitiri, mwalimu," alisema. "Chakula chake ni fukusi na wadudu wa nafaka. Ukijaa sana hudondoka, ukamuuma mtu. Lakini kwa mtu hauishi, wala hauzai. Mtu akiondoka penye nafaka, hupona. Haumwambukizi mwenzake."

"Na moshi?" nilimuuliza.

"Moshi huwafukuza fukusi. Fukusi wakipungua, na huu utapungua. Si wazee walikuwa wakiweka mahindi juu ya jiko?"

Nilimshukuru. Nje ya ofisi niliketi kwenye ukingo wa saruji. Siku hizi nafaka za wengi zinakaa kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, zimepakwa dawa ya dukani, na jiko langu ni la gesi. Wajukuu zangu wakisikia harufu ya moshi hudhani nyumba inaungua. Mgeni akija kutoka mbali hutafutiwa chumba cha kulipia, na mwenyeji huona amemheshimu. Sina chuki na hayo. Macho yangu ni mazima kuliko ya Mama alipokuwa na umri huu. Lakini nilijiuliza ni mambo gani mengine tuliyoyafagia sakafuni tukiwa wadogo, na ni nani aliyeyalipia.

Nilikwenda Msambweni siku iliyofuata. Dada Mejumaa ni mjane sasa, na kazi yake ni kusuka mikeka. Nyumba nyingi za pale zinalalia kazi ya mikono yake. Nilimkuta barazani na ukili wake wa mkeka, nikamwambia yote: fukusi, utitiri, moshi, jiko la Baba, kitanda chini ya mahindi. Nilimweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto darasani. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza alikuwa amefika mwisho wa mstari.

"Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, dada. Hukuwa wewe hata siku moja."

Akaukata ukili kwa meno. "Mama amekufa akidhani ni mimi," alisema.

Tulisali adhuhuri. Jua lilikuwa kali, na wakati kama huo watu wa kwetu hujinyoosha kidogo. Akaleta mkeka mpana, mpya, wenye rangi, akautandika katikati ya chumba na kuweka mto. "Lala hapa, mdogo wangu," aliniambia. Kisha akauchukua mwingine, mwembamba, akautandika karibu na mlango, akajilaza ubavu. Nikamwambia aje, mkeka huu unatutosha sote wawili, na jambo lenyewe limekwisha. Akaniambia amezoea.